UCHAMBUZI: Kupanga kwa ndugu nchini Uingereza na hatima ya ruzuku ya pango

Serikali ya Uingereza inahitimisha kazi iliyoianza mwaka 2013 ya kuwahamisha wapangaji wenye kipato kidogo kutoka katika ruzuku ya zamani ya pango, iitwayo Housing Benefit, kwenda katika malipo ya pamoja yaitwayo Universal Credit. Kila anayehamishwa hupelekewa barua inayompa muda usiopungua miezi mitatu wa kuwasilisha maombi mapya. Maombi hayo huja na maswali ambayo baadhi ya wapangaji hawajaulizwa kwa miaka mingi. Mojawapo ni fupi sana: je, mwenye nyumba ni ndugu yako?

Kwa Watanzania, Wakenya na wasemaji wengine wa Kiswahili waishio nchini humo, swali hilo halijibiki kwa neno moja. Mgeni anayefika London, Reading au Leicester kwa mara ya kwanza hufikia kwa mtu wake. Wapo wazee waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ambao leo wamestaafu na wanaishi katika nyumba zilizonunuliwa na watoto wao. Wapo waliorejea Afrika Mashariki na kuwaachia wadogo zao nyumba kwa makubaliano ya mdomo kwamba kodi italipwa kila mwezi. Udugu na upangaji vimechanganyika, na kwa kawaida hakuna aliyeona haja ya kuvitenganisha hadi barua ya Serikali ilipofika.

Imeenea dhana miongoni mwa familia hizo kwamba anayepanga kwa ndugu hana haki ya ruzuku. Dhana hiyo si sahihi, na imewafanya baadhi ya wanaostahili wasiombe kabisa. Kanuni za mwaka 2006 zinazosimamia ruzuku ya zamani na zile za mwaka 2013 zinazosimamia Universal Credit hazimzuii mtu kupanga kwa mzazi, kwa mwanawe wala kwa dada yake. Zinachohoji ni mambo mawili: kama mwenye nyumba ni ndugu wa karibu anayeishi katika nyumba hiyo hiyo pamoja na mpangaji, na kama pango lenyewe ni la kweli.

Swali la kwanza ndilo lenye mtego kwa msemaji wa Kiswahili.

Nani ndugu wa karibu

Sheria ya Uingereza inalo orodha yake ya ndugu wa karibu, nayo ni fupi kuliko ukoo wowote wa Kiafrika. Wamo baba na mama, wakwe, watoto wa kuzaa, wakwe wa upande wa watoto, baba na mama wa kambo, watoto wa kambo, kaka na dada. Yeyote kati ya hao akiwa na mwenza, mwenza huyo naye anahesabika, kwa hiyo mke wa kaka na mume wa dada wamo. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali naye huhesabiwa kuwa ndugu kamili. Aidha, orodha hiyo inahusu ndugu wa mwombaji na ndugu wa mwenza wake vilevile.

Orodha inakomea hapo. Babu na bibi hawamo. Mjomba hayumo, wala shangazi, wala baba mkubwa na baba mdogo, wala mama mdogo, wala binamu, wala mpwa. Mpangaji anayeishi chumba kimoja cha nyumba ya mjomba wake, wakatumia jiko moja na sebule moja, hazuiwi na kanuni ya ndugu wa karibu. Anayeishi hivyo hivyo katika nyumba ya kaka yake wa tumbo moja anazuiwa moja kwa moja, hata akiwa na mkataba uliotiwa saini mbele ya wakili na risiti za miaka mitano.

Sasa tazama namna familia ya Afrika Mashariki inavyoitana. Mtoto wa baba mdogo ni kaka. Mtoto wa mama mkubwa ni dada. Mama mdogo ni mama, na hakuna mtu mwenye adabu anayemwita kwa jina. Neno "ndugu" lenyewe linabeba kuanzia aliyezaliwa naye hadi jirani wa kijijini. Mwombaji anapojaza fomu kwa Kiingereza, au anapomweleza karani wa halmashauri habari za nyumba anayoishi, hutafsiri maneno hayo kama yalivyo mdomoni. Binamu anakuwa kaka wa kuzaliwa, mama mdogo anakuwa mama mzazi. Karani hana sababu ya kuhisi kwamba maneno hayo yana maana nyingine. Anasoma neno lililoandikwa, analilinganisha na orodha, na ombi linakataliwa kwa sababu ambayo haikuwapo.

Hapa ndipo ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba mwombaji aseme ukweli, unapokuwa hautoshi. Mtu huyo amesema ukweli wa nyumbani kwao. Alichopaswa kufanya ni kueleza nasaba badala ya jina la heshima: kwamba mwenye nyumba ni mtoto wa mdogo wake baba, au ni mdogo wake mama. Maelezo ya namna hiyo hayaachi nafasi ya kupotoshwa na tafsiri, na yanafaa kuandikwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa anayesahihisha maelezo baada ya kukataliwa huonekana kama anayegeuza kauli.

Kosa la upande wa pili pia hutokea, nalo ni baya zaidi. Anayejua kwamba kaka wa tumbo moja anazuiwa, kisha akamwandika kuwa ni binamu au rafiki, ametoa taarifa ya uongo ili apate fedha za umma. Hilo ni kosa la jinai. Fedha alizolipwa hudaiwa zirudishwe, na kwa asiye raia shauri hilo linaweza kumfuata anapoomba kuongezewa ukaazi.

Nyumba moja au mbili

Kanuni ya ndugu wa karibu hufanya kazi pale tu mwenye nyumba anapoishi humo. Mama mzee anayepanga nyumba ya mwanawe iliyo mtaa wa pili, wakati mwana mwenyewe anaishi kwake na mkewe, haguswi na kanuni hiyo. Ataulizwa swali la pili la ukweli wa pango, lakini hakataliwi kwa sababu tu ni mama.

Ugumu hujitokeza katika nyumba zilizogawanywa. Familia nyingi hujenga chumba cha ziada nyuma ya nyumba, mfano wa nyumba ya uani, au hugeuza ghorofa ya chini ikawa makazi ya wazazi. Je, hiyo ni nyumba nyingine au ni sehemu ya nyumba ile ile? Jibu hutokana na mambo yanayoonekana: kama upande wa mpangaji una mlango wake, jiko lake na bafu lake, na kama watu hao kwa kweli hawachangii sebule wala kula pamoja kila siku. Ngazi na ukumbi wa kuingilia vinavyotumiwa na wote kwa kawaida havitoshi peke yake kuwafanya waonekane wanaishi pamoja. Kukaa katika jiko moja na sebule moja ni jambo zito zaidi. Halmashauri inaweza kutuma mtu kuangalia.

Kuna kifungu kingine katika ruzuku ya zamani kinachofahamika kwa wachache, ingawa kinagusa malezi ya Kiafrika moja kwa moja. Mpangaji hapati ruzuku ikiwa yeye au mwenza wake ndiye anayewajibika na mtoto wa mwenye nyumba. Wengi hukifahamu kwa habari ya wazazi waliotengana: mama anabaki na mtoto katika nyumba ya baba wa mtoto na kumlipa kodi. Hata hivyo, maneno ya kifungu hayaishii kwa wazazi. Bibi aliyepanga nyumba ya binti yake, huku akimlea mjukuu ambaye ni mtoto wa binti huyo huyo mwenye nyumba, anaweza kujikuta ndani yake endapo anahesabika kuwa ndiye mwenye wajibu wa mtoto. Kwa mwenyeji wa Tanga au Mombasa hakuna jambo la kawaida zaidi ya bibi kulea mjukuu. Kwa karani anayesoma kanuni, hiyo ni sababu ya kukataa. Familia yenye mpangilio kama huo inashauriwa kupata ushauri wa kisheria kabla ya kusaini chochote.

Pango la kweli na pango la heshima

Swali la pili humhusu kila mpangaji wa ndugu, awe karibu au mbali, awe anaishi naye au la. Sheria inataka upangaji uwe wa kibiashara. Neno hilo limewatisha wengi kwa kudhani kwamba ndugu lazima atoze bei ya soko. Haiko hivyo. Kodi kuwa chini ya bei ya mtaani, peke yake, haifanyi pango kuwa la uongo, na mapenzi kati ya mwenye nyumba na mpangaji hayafuti mkataba. Kinachotazamwa ni sura nzima ya makubaliano, hususan kama yana masharti ambayo kila upande unaweza kuyadai mahakamani.

Katika mazoea ya familia, hapo ndipo penye udhaifu. Chukua mfano wa dada anayemlipa kaka yake, aliye katika nyumba nyingine, pauni 600 kwa mwezi. Mwezi mmoja hana, anaambiwa asijali. Mwezi mwingine analipa kwa kununua vyakula vya nyumba ya kaka, au kwa kupeleka fedha nyumbani kwa ajili ya matibabu ya mama yao, na wote wawili wanahesabu kwamba deni limekwisha. Hakuna daftari. Mtu yeyote aliyekulia katika familia za namna hiyo anajua kwamba hesabu hizo zipo na zinakumbukwa kwa senti. Ofisi haioni kumbukumbu ya vichwani. Inaona akaunti ya benki ambayo fedha hazikupita.

Maswali yanayoulizwa yanaeleweka mtu akiyatazama kwa jicho la ofisi. Nani alikuwa akikaa humo kabla, na alilipa kiasi gani? Kodi ilianza kulipwa lini, siku mpangaji alipohamia au siku alipojaza fomu ya ruzuku? Malipo yakichelewa, mwenye nyumba hufanya nini? Je, ruzuku isipotoka, mpangaji ataendelea kukaa bure? Kama mwenye nyumba alinunua kwa mkopo wa benki, benki inajua kwamba nyumba imepangishwa? Hakuna swali moja kati ya hayo linaloamua peke yake. Lililo zito zaidi, kwa uzoefu wa mashauri haya, ni lile la tarehe. Mtu aliyeishi kwa ndugu yake miaka mitatu bila kulipa, akaanza kudaiwa kodi wiki ile ile aliyoomba ruzuku, ana mlima wa kupanda.

Kanuni zimeweka pia zuio la jumla dhidi ya upangaji uliobuniwa ili kuchuma ruzuku. Zuio hili ni tofauti na lile la biashara: hata mkataba wenye masharti yote unaweza kukataliwa ikibainika kwamba uliundwa kwa lengo hilo. Hata hivyo, kutegemea ruzuku ili kulipa kodi si hila. Wapangaji wengi wa kipato cha chini wanategemea hivyo hivyo kwa wenye nyumba wasiowajua, na ni haki kulisema hilo kwa ofisa anayelichanganya.

Ruzuku ya zamani ina sharti jingine kwa wauza nyumba. Aliyekuwa mmiliki wa nyumba, akaiuza kwa mwanawe na kubaki ndani kama mpangaji, hapati ruzuku ikiwa umiliki wake ulikoma ndani ya miaka mitano iliyopita, isipokuwa athibitishe kwamba asingeweza kuendelea kuishi humo bila kuiachia. Mzee aliyeshindwa kulipa mkopo wa benki na kuokolewa na mwanawe aliyenunua nyumba ana hoja hiyo, mradi barua za benki zipo. Universal Credit haina sharti la miaka mitano, ingawa zuio la upangaji wa kubuni linaweza kutumika katika mazingira kama hayo.

Nani bado anaomba ruzuku ya zamani

Tofauti ya mifumo hii miwili imewachanganya wengi, na tangazo la kuhama limeongeza mkanganyiko. Waliofikia umri wa pensheni ya serikali, ambao ni miaka 66 na umepangwa kupanda hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028, wanabaki katika ruzuku ya zamani na wanaomba kwa halmashauri ya eneo lao. Walio chini ya umri huo huomba Universal Credit kwa Wizara ya Kazi na Pensheni, isipokuwa wanaoishi katika makazi ya muda au makazi maalumu yenye huduma ya uangalizi. Wanandoa ambao mmoja amestaafu na mwingine bado, tangu Mei 2019, huhesabiwa kwa kawaida katika kundi la wasiostaafu wanapofanya maombi mapya. Mzee mwenye mke mdogo kwa umri asipoteze muda katika dirisha la halmashauri.

Kiasi kinacholipwa hakifuati kile ndugu walichokubaliana. Kwa nyumba za watu binafsi kuna ukomo wa eneo, unaotegemea idadi ya vyumba ambavyo kaya inahesabiwa kuhitaji na usiozidi vyumba vinne. Ukomo huo uligandishwa mwaka 2020, ukapandishwa Aprili 2024 ili ufikie bei ya asilimia 30 ya chini ya soko, kisha ukabaki pale pale mwaka uliofuata huku kodi za mitaani zikiendelea kupanda. Kijana asiye na mwenza aliye chini ya miaka 35 kwa kawaida hulipiwa kiwango cha chumba katika nyumba ya kuchangia, hata kama amepanga nyumba nzima ya shangazi yake. Pengo hubaki kwa mpangaji, na katika upangaji wa kindugu pengo hilo ndilo husamehewa kimya kimya. Msamaha wa mara moja haudhuru. Msamaha wa kila mwezi humrudisha karani kwenye swali la kwamba kodi halisi ni ipi.

Kikwazo cha uhamiaji

Kabla ya yote hayo, mwombaji anapaswa kutazama hati yake ya ukaazi. Wengi wenye viza za kazi, za masomo na za familia wamewekewa sharti la kutotumia fedha za umma, na ruzuku ya pango ni mojawapo ya fedha hizo katika mifumo yote miwili. Wauguzi waliokwenda Uingereza kwa viza ya watumishi wa afya, wakiwemo waliofuata makubaliano ya Kenya na Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu watumishi wa afya, wako chini ya sharti hilo hadi watakapopata ukaazi wa kudumu. Kuomba wakati sharti lipo ni kuvunja masharti ya viza, hata kama aliyeelekeza kuomba ni jamaa mwenye nia njema.

Wazazi walioitwa na watoto wao wana hali ya pekee. Mtoto aliyesaini ahadi ya kumtunza mzazi ili apewe viza amefunga mlango wa ruzuku kwa mzazi huyo kwa miaka 5, ikihesabiwa tangu siku ya ahadi au siku ya kuingia nchini, ipi iliyo ya baadaye, isipokuwa aliyeahidi afariki dunia. Familia nyingi husahau karatasi hiyo baada ya viza kutoka. Raia wa Uingereza naye aliyeishi Zanzibar au Mombasa kwa miaka kadhaa na kurejea hawezi kutegemea pasipoti peke yake: ataulizwa kama makazi yake ya kawaida sasa yako Uingereza, na huenda akatakiwa kusubiri hadi hilo lithibitike.

Mali iliyoko nyumbani nayo huhesabiwa. Kwa walio wengi, anayemiliki akiba na mali zenye thamani inayozidi pauni 16,000, mbali na nyumba anayoishi, hapati ruzuku. Nyumba ya Kigamboni au kiwanja cha Kilifi ni mali, na thamani yake ni ile ambayo ingepatikana kama ingeuzwa huko iliko, baada ya kutoa madeni yake na asilimia 10 kwa gharama za kuuza. Jengo lisilokwisha nalo lina thamani. Mwombaji anayedhani kwamba halmashauri ya London haiwezi kujua habari za Kigamboni ajiulize ni wangapi katika ukoo wanaijua.

Mwenye nyumba naye ana wajibu

Mjadala huu humtazama mpangaji zaidi, ilhali ndugu mwenye nyumba ana sehemu yake. Kodi anayopokea ni kipato chake na anapaswa kukitaja kwa mamlaka ya mapato. Katika Uingereza yenyewe, yaani bila Uskoti, Welisi na Ireland Kaskazini, tangu Februari 2016 analazimika pia kukagua haki ya ukaazi ya mtu mzima anayempangisha, na udugu hauondoi wajibu huo pale kodi inapolipwa. Faini kwa anayepangisha bila kukagua zilipandishwa sana mwaka 2024.

Wenye nyumba waliorejea Afrika Mashariki wana jambo la ziada linalomwangukia mpangaji. Mwenye nyumba anayeishi nje ya Uingereza kwa miezi 6 au zaidi kwa mwaka anaingia katika utaratibu maalumu wa kodi ya mapato. Mpangaji anayemlipa moja kwa moja zaidi ya pauni 100 kwa wiki anatakiwa kukata kodi kwa kiwango cha msingi na kuiwasilisha serikalini, mpaka mamlaka ya mapato itakapoidhinisha mwenye nyumba alipwe bila makato. Dada aliyeachiwa nyumba na kaka aliyehamia Dar es Salaam mara nyingi hajawahi kusikia habari hiyo. Kaka akiomba kibali hicho mapema, makato yanaondoka, na hati ya kibali inakuwa ushahidi mwingine kwamba pango ni la kweli.

Ombi linapokataliwa

Kukataliwa si mwisho. Kwa ruzuku ya zamani, mwombaji ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba halmashauri ipitie upya uamuzi au kukata rufaa, na rufaa hiyo husikilizwa na baraza huru lisilo chini ya halmashauri. Kwa Universal Credit lazima kwanza aiombe Wizara ipitie upya uamuzi, pia ndani ya mwezi mmoja, ndipo aende barazani. Rufaa hizi hazina ada. Mwombaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, na kwa mashauri yanayohusu nani ni ndugu wa nani, mkalimani anayejua tofauti ya kaka na mtoto wa baba mdogo anaweza kuwa na thamani kuliko karatasi nyingi.

Barazani mtu hupata jambo ambalo fomu haimpi, yaani nafasi ya kueleza. Mwenye nyumba anaweza kufika na kusema kwa kinywa chake kwamba anategemea kodi hiyo kulipa mkopo wa benki, na kwamba isipolipwa atalazimika kumtafuta mpangaji mwingine. Kauli hiyo ni nzito kutamkwa na kaka mbele ya dada yake. Ndugu wengine hushindwa kuitamka, wakajibu kwamba katu hawawezi kumtoa dada yao nje. Jibu hilo ni la heshima, na si lazima liangushe rufaa, kwa kuwa wapo wenye nyumba wengi wasio ndugu ambao pia huvumilia. Lakini likisimama peke yake, bila mkataba, bila malipo ya benki na bila barua yoyote ya kudai kodi iliyochelewa, linabaki kuwa ushahidi pekee ulio mezani.

Kwa hiyo walio katika maandalizi ya kuhama, au waliopokea barua ya Wizara, wana kazi ya wiki chache. Mkataba uandikwe ukitaja kiasi, siku ya kulipa na muda wa notisi, wala usirudishwe nyuma kwa tarehe ya uongo; kama makubaliano yalikuwa ya mdomo tangu mwaka fulani, mkataba useme hivyo. Malipo yapite benki kuanzia mwezi huu. Miezi iliyolipwa kwa fedha taslimu iorodheshwe kama inavyokumbukwa na pande zote mbili, na ielezwe kwamba ni kumbukumbu. Nasaba iandikwe kwa ukamilifu. Na maombi yawasilishwe kabla ya tarehe iliyo katika barua, hata kama vielelezo havijakamilika, kwa kuwa vielelezo vinaweza kufuata, ilhali anayepitisha tarehe hiyo anaweza kupoteza nyongeza ya mpito inayolipwa ili kipato chake kisishuke siku anapohama.